Maji ya Moto ya Bath: Kwa Nini Yalifungwa Miaka 28

Upande wa magharibi wa Uingereza, kando ya mto Avon, uko mji uitwao Bath. Maana ya jina hilo ni mahali pa kuogea, wala halikutolewa bure. Katikati ya mji, chini ya majumba ya mawe, zinabubujika chemchemi tatu za maji ya moto. Ile kubwa, inayoitwa Chemchemi ya Mfalme, hutoa lita zipatazo 1,170,000 kila siku, wakati wa theluji na wakati wa jua, bila kupungua. Moto wake ni nyuzi 46, na msomaji akumbuke kwamba mtu mwenye homa kali sana hupata nyuzi 40 au 41.

Hata hivyo, tangu mwaka 1978 hata 2006 mji huo wenye jina la kuogea haukuwa na mahali hata pamoja ambapo wananchi waliruhusiwa kuoga maji hayo. Kilichowafungia mlango si vita wala ukame, bali mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho.

Kwanza tujue maji hayo yanatoka wapi. Wataalamu husema ni mvua iliyonyesha zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, juu ya vilima vya Mendip vilivyo kusini ya mji. Mawe ya vilima hivyo ni ya chokaa, yana nyufa nyingi. Maji yalizama polepole mpaka kina cha zaidi ya mita 2,500, na huko chini ardhi yenyewe ni ya moto. Yakiisha kupashwa hivyo, husukumwa juu tena kwa njia ya ufa mkubwa, yakatokea Bath. Hakuna volkano hapo, kama wengine wanavyodhani.

Watu wa kale hawakujua hayo, wakatunga hadithi yao. Walisema mwana wa mfalme aitwaye Bladud alipatwa na ukoma, akafukuzwa nyumbani, akawa mchunga nguruwe. Nguruwe wake nao wakaambukizwa. Siku moja akawaona wanagaagaa katika tope la moto, wakatoka na ngozi safi. Naye akaingia, akapona, akarudi kwao kutawala. Ni hadithi tu, lakini hata leo sanamu ya Bladud ipo pale penye maji.

Warumi walipoitawala nchi hiyo walijenga hekalu na mabwawa ya kuogea, kati ya mwaka 60 na 70 hivi baada ya Kristo, wakamheshimu hapo mungu wao wa kike, Sulis Minerva. Warumi walipoondoka, majengo yakaanguka na kufukiwa na matope, lakini maji hayakuacha kutoka.

Baadaye Kanisa lilikuja kuwa mlezi wa mahali hapo. Katika mwaka 973 Mtakatifu Dunstan, Askofu Mkuu wa Canterbury, alimtia taji Mfalme Edgar katika kanisa la monasteri ya Bath. Yapata mwaka 1090 Askofu Yohane wa Tours, ambaye alikuwa pia mganga, alihamishia kiti chake Bath, na katika karne iliyofuata likajengwa Bwawa la Mfalme juu ya magofu ya Warumi. Wagonjwa wakaja kutoka mbali: viwete, wenye baridi yabisi, wenye magonjwa ya ngozi. Wengi wao hawakuwa na pa kulala, na kwa sababu hiyo, yapata mwaka 1174, Askofu Reginald akawajengea maskini nyumba ya Mtakatifu Yohane. Wamonaki walifukuzwa mwaka 1539, mali ya monasteri ikachukuliwa na serikali ya Mfalme Henry wa Nane, lakini nyumba ile ya maskini haikufa. Mpaka leo inawatunza wazee.

Liko pia jambo moja ambalo Wakatoliki wa Uingereza hawalisahau. Mwaka 1687 Malkia Maria wa Modena, mke Mkatoliki wa Mfalme James wa Pili, alikuja kuoga katika Bwawa la Msalaba. Alikuwa amezaa na kufiwa na watoto, hana mrithi hata mmoja. Mwezi wa Juni mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kiume. Wazazi walifurahi sana, lakini wakubwa wa nchi waliogopa kutawaliwa na ukoo wa Kikatoliki, na kabla ya mwaka kwisha mfalme, malkia na mtoto wao walikuwa wamekimbilia Ufaransa.

Hata Afrika ilipata kukaa huko. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, nchi yake ilipotekwa na Waitalia, aliishi Bath uhamishoni tangu 1936 hata 1940, na mwaka 1958 akautolea mji nyumba yake iwe ya wazee.

Sasa tuje kwenye msiba wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1978 binti mmoja mdogo, mwanachama wa chama cha kuogelea cha mji huo, aliogelea katika maji ya chemchemi. Baada ya siku chache aliugua ugonjwa wa ubongo, akafa. Waganga walipima, wakamkuta mdudu aitwaye Naegleria fowleri, tena wakamkuta katika maji yale yale. Basi mabwawa yote yakafungwa, hata maji ya kunywa yakakatazwa.

Mdudu huyu ni aina ya amiba, lakini si ile amiba ya tumbo inayomfanya mtu kuharisha damu. Hukaa katika maji ya vuguvugu yasiyo ya chumvi, na katika tope lake. Mtu akiyanywa maji hayo, mdudu hamletei ugonjwa huu. Hatari ni puani. Maji yakiingia kwa nguvu puani, labda kwa kupiga mbizi au kurushiana maji, mdudu hupanda kwa kufuata mshipa wa kunusia mpaka ubongoni, akaanza kuula. Ugonjwa huu ni wa nadra sana. Mamilioni ya watu huogelea duniani bila kupatwa. Lakini katika watu 100 wanaopatwa, zaidi ya 95 hufa, na mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Mtu haambukizwi na mwenzake.

Msomaji atauliza: kama maji yanatoka chini sana, tena ya moto, mdudu aliingiaje? Jibu ni kwamba chini kabisa maji yalikuwa safi. Ubaya ulikuwa karibu na juu, mahali maji yalipopita katika udongo na mifereji ya zamani. Kwa hiyo mwaka 1983 walichimba kisima chembamba chenye bomba, wakayafikia maji huko chini kabla hayajagusa udongo ule. Tangu hapo watu waliweza kuyanywa tena.

Mabwawa yalipokauka, wachimbaji wa mambo ya kale walipata nafasi ambayo hawakuwa nayo kabla. Katika miaka ya 1979 na 1980 Profesa Barry Cunliffe na wenzake walichimba ndani ya chemchemi yenyewe, wakakuta sarafu za Kirumi zaidi ya 12,000 na vibao vya risasi vipatavyo 130. Vibao hivyo ni maapizo! Mtu aliyeibiwa joho, glavu au fedha aliandika shitaka lake, akamwomba Minerva amtese mwizi, kisha akakikunja kibao na kukitupa majini. Wasomaji wetu wanaojua mambo ya kuapiza wezi hawatashangaa sana. Mmoja aitwaye Annianus aliibiwa fedha sita mfukoni, akawashitaki watu wote pamoja: awe mpagani au Mkristo, mume au mke, mtumwa au mtu huru. Basi Wakristo walikuwapo Bath tangu karne ya nne, ila kwa habari ya fedha za Bwana Annianus hawakuaminiwa kuliko wengine.

Nyumba mpya ya kuogea ilichukua muda mrefu kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Walikadiria pauni milioni 13. Ikala milioni 45 hivi. Mwezi wa Agosti 2003 waimbaji mashuhuri Pavarotti, Domingo na Carreras waliimba kwa sherehe ya ufunguzi, lakini rangi ya mabwawa ilibambuka, mafundi wakashitakiana, na mlango ukafunguliwa Agosti 2006. Maji yake hutoka katika visima virefu, husafishwa na kupimwa. Lakini aingiaye hulipa, na si kidogo. Zamani maskini wa Askofu Reginald waliingia na magongo yao; kwa maoni yangu hilo ndilo lililopotea pamoja na amiba.

Nasi Afrika Mashariki tunazo chemchemi za moto. Nyingine, kama zile za ziwa Bogoria nchini Kenya, huchemka kabisa, na hatari yake ni kuungua. Nyingine ni za vuguvugu, na watoto hupenda kuzichezea. Wazazi, waambieni watoto wasipige mbizi humo, wasichimbue tope la chini, na vichwa vyao vibaki juu ya maji. Mtoto aliyeoga maji ya namna hiyo akishikwa baada ya siku chache na maumivu makali ya kichwa, homa, kutapika na shingo kukakamaa, apelekwe hospitali siku ile ile, na mganga aelezwe kwamba alikuwa majini. Dalili hizi hufanana na za malaria na za homa ya uti wa mgongo, nazo pia hazingojei kesho.

Lile bwawa kubwa la Warumi huko Bath halikurudishwa kwa waogaji. Paa lake lilianguka zamani, jua huingia, na maji yamekuwa ya kijani kwa sababu ya mwani. Wageni huzunguka kando kando wakitazama mvuke unavyopanda, nao huonywa wasitie hata kidole. Maji yanayozidi huingia katika mfereji ambao Warumi waliujenga kwa mawe, yakatelemka mpaka mto Avon, kama yalivyofanya kabla Dunstan hajafika na miaka yote mabwawa yalipofungwa.