Nambari za Mistari kama Ufunguo katika Hifadhidata

1. Utangulizi

Kazi nyingi za isimu zilizokuwa zikitunzwa katika vikadi vya karatasi, kama vile orodha za maneno, mifano ya matumizi na maelezo ya kanda zilizonaswa vijijini, siku hizi huwekwa katika kompyuta. Chombo kinachofaa kwa kazi hiyo ni hifadhidata ya uhusiano, yaani mkusanyiko wa majedwali yanayorejeana. Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja ambalo, lisipoangaliwa mapema, huweza kuharibu kazi ya miaka mingi bila mtunzaji kupata onyo lolote. Jambo hilo ni uchaguzi wa ufunguo.

2. Ufunguo ni nini?

Msingi wa nadharia hii uliwekwa na E. F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani, katika makala yake ya mwaka 1970. Kwa mujibu wa Codd, mtumiaji hapaswi kutegemea mahali data zilipowekwa ndani ya mashine. Kila mstari wa jedwali hutambulikana kwa thamani zilizomo ndani yake, na thamani inayoutofautisha na mistari mingine yote ndiyo ufunguo mkuu.

Tuchukue mfano wa kamusi. Tukilifanya neno lenyewe kuwa ufunguo, tutakwama mara moja. Kaa ni kipande cha kuni kilichoungua. Kaa ni mnyama wa majini mwenye magando. Kaa pia ni kitenzi. Vitomeo ni vitatu, umbo ni moja. Ndiyo sababu watunzaji wengi hupendelea nambari isiyo na maana yoyote ya kilugha. Lakini nambari hiyo inatoka wapi?

3. Nambari za aina mbili

Aina ya kwanza ni ile ambayo mfumo hujiwekea kwa ajili ya shughuli zake. Katika Oracle huitwa ROWID, nayo huonyesha faili, sehemu ya faili na nafasi ambamo mstari umewekwa. Katika PostgreSQL kuna ctid, ambayo hubadilika kila mara mstari unaporekebishwa. SQLite nayo huupa kila mstari wa jedwali la kawaida nambari iitwayo rowid, hata kama mtunzaji hakuiomba.

Aina ya pili ni nambari ambayo mtunzaji ameitangaza kuwa safu ya jedwali lake, kisha akauachia mfumo kazi ya kuijaza. Zote mbili hutolewa na mashine, na kwa macho hufanana. Hata hivyo, ya kwanza ni anwani ya mstari, ya pili ni jina lake. Anayehama nyumba hubadili anwani, habadili jina.

4. Madhara ya kuchanganya

Tuseme jedwali la vitomeo lina mistari mitano, na jedwali la mifano linarejea vitomeo kwa rowid. Kitomeo cha pili kinafutwa, kisha mtunzaji anatumia amri ya VACUUM ili kupunguza ukubwa wa faili. Ikiwa jedwali halina ufunguo mkuu wa namba kamili uliotangazwa, SQLite huweza kuhesabu mistari upya: cha tatu kinakuwa cha pili, cha nne kinakuwa cha tatu. Mifano ya cha tatu na cha nne sasa inaelekea kwenye vitomeo visivyo vyake, na ya cha tano haina kitomeo. Mashine haitoi kosa lolote.

Oracle nayo huweza kumpa mstari mpya ROWID ya mstari uliofutwa. Tena data zikitolewa na kuingizwa katika mashine nyingine, ROWID zote huwa mpya. Kwa upande wa PostgreSQL, wapo waliotegemea nambari iliyoitwa OID. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005 majedwali ya watumiaji hayakupewa tena nambari hiyo bila kuombwa, na katika toleo la 12 la mwaka 2019 uwezekano huo uliondolewa kabisa.

5. Tufanyeje?

Kwanza, safu ya ufunguo itangazwe waziwazi. Katika SQLite, safu ikiandikwa INTEGER PRIMARY KEY, rowid huwa ndiyo safu hiyo, na VACUUM haiigusi. Pili, nambari iliyokwisha kutumika isirudiwe. Katika SQLite neno AUTOINCREMENT hulinda jambo hilo. Tatu, nambari isitufanye tusahau maana. Msaidizi akiingiza kitomeo kimoja mara mbili, mfumo utakipa nambari mbili bila kusita. Kwa hiyo inafaa kuongeza sharti kwamba umbo la neno pamoja na nambari ya homonimu visijirudie.

6. Hitimisho

Anwani za mfumo si mbaya: ndani ya shughuli moja fupi huufikia mstari kwa haraka sana. Ubaya ni kuziandika katika jedwali jingine, au kuzitaja katika tasnifu, kana kwamba zitadumu. Mtafiti anayenukuu kauli ya mzee fulani kwa nambari anawaahidi wasomaji wake kwamba nambari hiyo, hata baada ya miaka ishirini na mashine kadhaa, itawapeleka kwa mzee huyohuyo. Ahadi hiyo haitimizwi na anwani.