Mashine za Peni 2: Pesa Isiyoonekana Kwenye Taarifa ya Benki

Ndugu zangu wa Uingereza, msimu wa joto ukifika safari za pwani zinaanza: Southend, Margate, Blackpool. Watoto wanakula chipsi, halafu lazima mpite kwenye kumbi za mashine za michezo. Inayotuvuta wengi ni ile ya kusukuma sarafu. Unadumbukiza peni 2, inaangukia kwenye rafu inayokwenda mbele na kurudi, inasukuma zenzake, na pale ukingoni kuna lundo linaning'inia kama litadondoka sasa hivi.

Halidondoki kirahisi. Sarafu zimelaliana; ile inayochungulia nje imekandamizwa na zilizo nyuma yake. Na si kila inayodondoka ni yako. Pembeni, kushoto na kulia, kuna nafasi ambazo sarafu ikiingia humo inakwenda kwa mwenye ukumbi. Faida yake ndiyo hiyo, hahitaji kukuibia.

Sasa hesabu. Mtu akitia sarafu moja kila sekunde 4, ni 15 kwa dakika, 900 kwa saa, yaani pauni 18. Tuseme mashine inarudisha peni 70 kwa kila pauni (huu ni mfano wangu tu, mashine hazifanani). Saa nzima umepoteza pauni 5.40. Kwa familia siyo mbaya, sinema ni ghali zaidi. Lakini hamia ile ya jirani ya peni 10, kwa mkono uleule: zimepita pauni 90, na 27 hazirudi.

Halafu kuna kurudisha ulichoshinda. Unaanza na pauni 10, zinaanguka 7, unazitia tena, zinaanguka 4.90, unatia tena. Mpaka unaishiwa umeshatia kama pauni 33, na masikio yamesikia ushindi muda wote. Ndiyo maana mtu anatoka akiapa kwamba leo mashine ilikuwa inatoa.

Dada mmoja anayefanya kazi ya kulea wazee aliniletea taarifa yake ya benki tutafute kwa nini ada ya mdogo wake Mombasa inachelewa kila muhula. Kamari haikuwepo hata mstari mmoja. Kulikuwa na kutoa pesa taslimu: pauni 20, tena 20, mara mbili kwa mwezi, Jumapili, mtaa uleule wa ufukweni. Kwa mwaka ni pauni 480, zaidi ya shilingi 60,000 za Kenya. Yeye aliita chenji. Benki nyingi hapa zinakuwekea kizuizi cha kamari kwenye kadi ukiomba, ila kizuizi hakioni pesa taslimu.

Sheria hairuhusu mashine hizi kupokea zaidi ya peni 20 kwa mchezo mmoja, na watoto hawazuiwi kucheza. Kama kwa dini yako ni haramu, hilo la shekhe wako, mimi nahesabu tu.

Mkienda, badilisha pauni 3 kwa kila mtoto, kadi ibaki kwa asiyecheza. Kinachodondoka kiingie mfukoni, kisirudi kwenye mashine. Nyumbani zihesabuni: sarafu 50 za peni 2 kwa kila kifuko cha benki, pauni 1.