Fahamu: Kinachowabakiza wasichana wakimbizi darasani

Kambi ya Kakuma, katika kaunti ya Turkana nchini Kenya, ilianzishwa mwaka 1992. Shule zipo, lakini wasichana hupungua kadiri madarasa yanavyopanda. Kuchota maji, kulea wadogo zao na ndoa za mapema huwakatiza masomo.

Nini husaidia? Kuanzia 2013, mradi wa KEEP uliwapa wasichana wa kambi za Kakuma na Dadaab masomo ya ziada wikendi, na familia zenye uhitaji zikapewa fedha.

Kwa msichana mwenye ulemavu, kikwazo huanza njiani: kiti cha magurudumu hukwama mchangani. Anahitaji choo kinachofikika, vitabu vya nukta nundu au mwalimu wa lugha ya alama.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 24 kinadai elimu jumuishi, na bajeti za shule za kambini lazima zitimize dai hilo.