Kweli au Uongo? Porojo za Ofisini Kuhusu Usonji, ADHD na Diseleksia

Umeshazisikia porojo hizi, na pengine umewahi kuzitikisia kichwa: kwenye chai ya saa nne, au ndani ya chumba cha usaili mara tu mwombaji anapofunga mlango. Tuzipime.

"Hayo ni mambo ya watoto, ukikua yanaisha."
Uongo. Usonji ni wa maisha yote. ADHD nayo, ile hali inayovuruga umakini na mpangilio, huendelea ukubwani kwa wengi. Mtoto aliyekuwa hatulii kitini leo ni ofisa anayeanza kazi tano na kumaliza moja, huku akijitahidi usigundue.

"Anayekwepa macho ana jambo analificha."
Uongo, tena huu unawanyima watu ajira. Watafiti wa udanganyifu wamelipima jambo hili kwa miaka mingi: kukwepa macho si dalili ya kuaminika ya uongo. Mwenye usonji huenda anatazama meza ili akusikie vizuri zaidi. La ajabu ni kwamba wengi wetu tulilelewa tusimkazie macho mkubwa, lakini tukishaketi kwenye jopo la usaili adabu hiyo tunaigeuza kosa. Ukitaka kujua kama mtu anaiweza kazi, mpe kazi: hesabu zenye makosa, chumba tulivu, nusu saa. Na maswali mtumie siku moja kabla.

"Kiswahili anakisoma bila shida, hana diseleksia huyo. Ripoti za Kiingereza anazembea tu."
Uongo, ingawa naelewa unakotoka. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Katika lugha za aina hiyo, kama Kiitaliano, diseleksia, ule ugumu wa kusoma na kuandika, hujionyesha zaidi kwa kusoma polepole kuliko kwa kukosea maneno, kwa hiyo hupita bila kuonekana. Kiingereza, ambacho herufi zake zilezile hubadilika sauti kila zikihama neno, ndicho kinachomuumbua mtu. Sasa fikiria ofisi zetu, ambako tunajadili kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza: mtu yuleyule anayeng'ara kikaoni anachekwa kwenye barua pepe. Programu ya kusoma maandishi kwa sauti huenda tayari imo kwenye simu yake. Mruhusu aitumie, mwenzake apitie ripoti kabla haijatoka, na usimsimamishe mbele ya watu asome waraka ambao hajawahi kuuona.

"Mali bila daftari hupotea bila habari."
Kweli kabisa. Wahenga walikuwa wanawaza biashara, lakini hapa wamepatia. Bosi anapita koridoni: "Ile ripoti iwahi, mpigie yule mteja, halafu ile ankara usiisahau." Mwenye ADHD akifika kwenye kiti chake amebaki na neno "ile". Andika: "Ankara ya Machi, kwa mhasibu, kabla ya saa nane mchana." Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha.

"Wenye usonji wote ni magwiji wa kompyuta."
Uongo. Kampuni ya Specialisterne ya Denmark, iliyoanzishwa 2004, ilijulikana kwa kuwapa kazi ya kukagua programu, na hadithi ikavuka mipaka. Wapo wapishi, wapo mafundi cherehani, wapo wasiopenda kompyuta hata kuiona. Muulize mwenyewe.

"Kuwasaidia ni gharama kubwa."
Uongo. Nchini Marekani, shirika la ushauri la Job Accommodation Network limekuwa likiwauliza waajiri kwa miaka mingi, na takriban nusu au zaidi husema marekebisho waliyofanya hayakuwagharimu chochote. Kumhamishia mtu meza mbali na mlango ni bure. Hata kumruhusu avae hedifoni ni bure.

"Ukimsaidia mmoja, wengine watanung'unika."
Kweli nusu. Watanung'unika iwapo hedifoni ni za mmoja na wengine wanakatazwa. Ajenda ikitumwa mapema kwa kila mtu, sijui nani atalalamika, labda yule anayependa vikao visivyo na ajenda.

"Marekebisho hayo ni hisani ya bosi."
Uongo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unahesabu kumnyima mtu marekebisho ya kuridhisha kuwa ubaguzi. Kwa hiyo mfanyakazi wako akigonga mlango kuomba maelekezo ya maandishi, hakuja kukuomba fadhila.