Kabla ya Kununua Pikipiki ya Umeme, Ipandishe Meru

Pikipiki ya umeme ya njia mbovu hunadiwa kwa mambo mawili: mwendo kasi na kilomita inazokwenda kwa chaji moja. Kwa mnunuzi wa Arusha hayo hayatoshi, na hilo la pili laweza kumpotosha kabisa, maana kilomita za kwenye tangazo kwa kawaida ni za barabara tambarare, dereva mwepesi na mwendo wa taratibu. Jiji lenyewe liko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka Sanawari kuelekea Ilboru unaanza kuupanda Mlima Meru: mawe, makorongo, na udongo wa volkano ambao kiangazi ni vumbi na masika ni utelezi mtupu. Kinachopaswa kupimwa hapa ni mwinuko.

Tupige hesabu. Pikipiki, dereva na mkungu wa ndizi au gunia la viazi vyaweza kufika kilo 200. Kuupandisha uzito huo mita 500 kwenda juu, ukijumlisha nguvu inayopotea kwenye mota na mnyororo, hula karibu theluthi ya uniti moja ya umeme. Betri nyingi za pikipiki ndogo za aina hii hubeba uniti 2 hivi. Anayepanda mara tatu kwa siku atatumia nusu ya betri kwa mwinuko peke yake, kabla ya matope, mawe na umbali wenyewe. Kwa hiyo uliza kwanza betri ina uniti ngapi. Rangi na taa vitasubiri.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, petroli ni bora. Sikubaliani nao. Injini ya petroli hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Mota ya umeme haitegemei hewa, na hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, penye jiwe na mwinuko mkali. Kujaza betri ya uniti 2 kwa bei ya kawaida ya TANESCO hakufiki shilingi 1,000. Hoja ya umeme kukatika ni nzito zaidi. Suluhisho mojawapo ni vituo vya kubadilishana betri, kama vya kampuni ya Ampersand kule Kigali na Nairobi, lakini hivyo vinamfaa bodaboda wa mjini. Mkulima wa kijijini kama Nkoaranga anahitaji betri ya kuvuliwa, aichaji ndani usiku umeme ukiwepo, na ikiwezekana awe na ya akiba.

Hofu ya kweli ni vipuri. Pikipiki za Cake kutoka Sweden zilisifiwa sana zilipopelekwa kwa walinzi wa wanyamapori Afrika Kusini, kwa kuwa hazipigi kelele za kumshtua jangili. Februari 2024 kampuni hiyo ikafilisika. Jina kubwa halikuhakikishii betri ya pili. Afadhali pikipiki ambayo fundi wa Arusha anaweza kuifungua, yenye dhamana ya betri iliyoandikwa na muuzaji mwenye duka unalolijua. Kabla ya kulipa, mwombe muipandishe Ilboru ikiwa na mzigo wako, mkitazama chaji inavyoshuka. Akikataa, nenda duka jingine.