Kwa nini huduma hufungwa usiku? Kazi inayofanyika kabla ya hifadhi mpya kuwashwa

Saa tano usiku simu inalia. Ni SMS: "Mpendwa mteja, huduma zetu hazitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri kwa sababu ya uboreshaji wa mfumo." Swali la kwanza la wengi huwa ni moja tu: sasa pesa zangu ziko wapi?

Pesa zenyewe haziko ndani ya kompyuta. Kanuni za malipo za Kenya za mwaka wa 2014 zinataka pesa za wateja zikae kwenye amana, katika benki. Kilicho kwenye kompyuta ni rekodi: nani ametuma, nani amepokea, salio ni ngapi. Lakini rekodi hiyo ikipotea, utathibitishaje kwamba zile elfu tano ni zako? Ndiyo maana hatuichukulii kwa mzaha.

Fikiria daftari la chama

Chama chenu kikiwa na daftari moja, likinyeshewa, hesabu imekwisha. Wenye busara hupatia watu watatu nakala, kila mmoja nyumbani kwake. Hifadhi ya seva nyingi hufanya kazi vivyo hivyo. Mfano unaojulikana ni programu ya Ceph, ambayo jina lake limetokana na jamii ya pweza: mnyama mmoja, mikono mingi. Kwa kawaida huweka nakala 3 za kila rekodi katika seva tofauti. Seva moja ikizima, kazi inaendelea. Ikibaki nakala moja pekee, hukataa kuandika chochote kipya. Yaani heri usubiri kuliko muamala wako uandikwe mahali pamoja tu.

Kuweka programu yenyewe si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuandaa mahali pake, na ukiharakisha hapo utalipa baadaye.

Mambo manne yanayoandaliwa

1. Wasimamizi. Seva kadhaa hupewa kazi ya kukubaliana nani yuko hai na nani amezima. Huwa 3 au 5, si 2. Sababu ni kura: wawili wakikosa kusikizana, hakuna wa kuamua. Wakiwa watatu, wawili wanatosha.

2. Saa. Saa za seva lazima zilingane. Ceph hulalamika wasimamizi wakipishana kwa zaidi ya sekunde 0.05. Makatibu wa chama wakiwa na saa tofauti, mtabishana ni nani alilipa kwanza.

3. Mtandao. Hapa hutengwa njia mbili: moja ya kuhudumia maombi ya wateja, nyingine ya seva kupelekeana nakala. Zikichangia njia moja, siku seva ikiharibika nakala zitasongamana na miamala yako kama matatu kwenye barabara ya leni moja. Kasi nayo ni muhimu. Kunakili terabaiti 1 kwa mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 2. Kwa gigabiti 10, hali ikiwa nzuri, ni chini ya dakika 20. Muda huo wote una nakala pungufu, kwa hivyo ukiwa mfupi ndio afadhali.

4. Diski. Programu hii inataka diski tupu, isiyo na mgawanyo wala faili za zamani. Hapa ndipo kosa dogo huuma zaidi: mhandisi akisafisha diski isiyo yenyewe, ameifuta. Kwa hivyo orodha hukaguliwa kabla ya kugusa chochote, na nakala ya akiba hujaribiwa kwanza kuona kama kweli inafunguka. Pia nafasi huhesabiwa mapema. Diski za terabaiti 30 zikiweka nakala 3 hubeba rekodi za terabaiti 10 tu, na hazifai kujazwa hadi pomoni. Diski ikifika asilimia 85, Ceph hutoa onyo. Ikifika 95, huacha kuandika. Seva ikifa, nakala zake zinahitaji pa kwenda.

Baada ya hapo, seva moja huzimwa makusudi ili kuona kama zingine zitaendelea. Afadhali tatizo lijitokeze saa nane usiku tukiwa tunalingoja kuliko saa mbili asubuhi ukiwa dukani na foleni nyuma yako.

Na wewe je?

Ukipata SMS ya aina hii:

- Nunua tokeni za stima na utoe nauli ya alfajiri kabla ya huduma kufungwa.
- Ukiwa ulituma pesa na hujapata ujumbe wa kuthibitisha, usitume tena. Ngoja huduma irudi, angalia salio na taarifa ya akaunti yako kwanza. Wengi hutuma mara mbili hapa, na kurudishiwa huchukua muda.
- Hifadhi ujumbe wenye nambari ya muamala. Ndio huo tutakaotumia kuufuatilia.
- Mtu akikupigia akisema "tunahamisha akaunti yako, nipe PIN," kata simu. Mhandisi anayehamisha rekodi haitaji PIN yako hata kidogo. Matapeli hupenda sana usiku kama huu kwa sababu hadithi yao inaonekana kuwa ya kweli.

Asubuhi huduma ikirudi, angalia salio lako. Likiwa tofauti na ulivyoliacha, wasiliana na huduma kwa wateja siku hiyo hiyo ukiwa na nambari ya muamala mkononi. Usione haya kuuliza. Rekodi ni yetu kuitunza, lakini pesa ni zako.