Usiiamini Kamera Kabla ya Kuipima

Ndugu msikilizaji, juma hili nina neno na ninyi mliorithi kamera za filamu, au mliozinunua mtumba kama mimi.

Ya kwangu niliinunua kwa furaha, nikaipeleka moja kwa moja kwenye harusi ya mpwa wangu. Jioni ilikuwa imeingia, nikaweka shata kwenye 1/30 ya sekunde. Filamu iliposafishwa, bibi arusi alionekana kama ana nyuso mbili, na bibi yetu mzaa mama, aliyesafiri siku nzima kuja, alikuwa ukungu mtupu. Nililaumu mikono yangu. Kumbe mwenye kosa alikuwa mwingine.

Shata ni lile pazia dogo linalofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu. Katika kamera za zamani huendeshwa na springi na magurudumu yenye meno. Miaka ikipita, mafuta yake huganda, pazia likachelewa kufunga. Mwanga huzidi, na mkono ukitikisika kidogo tu, picha inavurugika.

Kuipima hakuhitaji maabara. Chukua simu inayoweza kurekodi video ya mwendo wa pole, yaani picha 240 kwa sekunde. Toa filamu, fungua mgongo wa kamera, fungua tundu la lenzi lote, kisha uielekeze dirishani mchana. Tumia dirisha, si taa, kwa kuwa taa nyingi humemeteka na zitakupotosha. Weka simu nyuma ya kamera, rekodi, bonyeza. Halafu tazama video hatua kwa hatua, uhesabu picha zenye mwanga. Kwa 1/8 ya sekunde uone 30. Kwa 1/15, 16. Kwa 1/30, 8. Kwa 1/60, 4. Ukipata 7 au 9 badala ya 8, usihangaike, filamu ya kawaida itavumilia. Mimi nilihesabu 27! Ile 1/30 yangu ilikuwa 1/9.

Kwa spidi za juu zaidi, picha 240 hazitoshi. Hapo ile televisheni ya chogo uliyoitupa stoo ina kazi. Huchora mistari 15,625 kila sekunde. Ipige picha kwa karibu, kwa filamu, kisha uhesabu mistari inayong'aa kutoka juu kwenda chini. Kwa 1/125 iwe kama 125. Kwa 1/250, kama 62. Ikiwa pazia la kamera yako hupita kutoka juu kwenda chini, ilaze ubavu kwanza.

Kila spidi ipime mara tano, na uandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shata inayochelewa kwa kiasi kilekile bado ni mtumishi mwema: utaihesabia ucheleweshaji wake. Inayotoa 10 sasa na 27 baadaye, mpelekee fundi. Wala usidondoshee mafuta mwenyewe. Yatasambaa kwenye pazia na kuongeza ugonjwa.

Kazi yote ni ya saa moja. Mimi niliifanya baada ya harusi, na bibi hatunaye tena. Wewe ifanye kabla.

Tukijaliwa, juma lijalo.